Miaka Kumi na Moja kwa Jina la Timona

Elam Shivachi alikuwa mtu wa maswali. Ukimpelekea bawaba ya mlango aitengeneze, alitaka kujua mlango wenyewe unafungukia upande gani, mvua hupiga kutoka wapi, na fundi wa kwanza alikuwa na haraka gani hata akaiacha imepinda hivyo. Majirani zake wa Kibera walikuwa wameshamzoea. Walisema kwamba Mluhya huyu, lau angesoma sawasawa, angekuwa jaji. Lakini hakusoma sawasawa. Aliachia darasa la tano, huko kwao upande wa Kakamega, mwaka ambao baba yake alianguka kutoka juu ya nyumba aliyokuwa akiiezeka na asiamke tena.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1983, Shivachi alirudi kutoka kazini na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaenda nayo moja kwa moja kwa Jeconia Omolo. Omolo alikuwa karani wa reli aliyestaafu. Alikuwa na meza ndogo nje ya mlango wake, na juu ya meza hiyo nusu ya Kibera iliandikiwa barua zake.

"Mzee Omolo, nisomee hii pole pole. Kizungu chake ni kigumu."

Omolo akavaa miwani. Karatasi ilitoka kwa ajenti mmoja wa mjini. Kampuni ya mafuta huko Ghuba, kwa Waarabu, ilikuwa ikijenga mtambo mkubwa, na ilitaka mafundi wa kuchomelea mabomba kwa mkataba wa miaka miwili. Maombi yangepokelewa hadi mwisho wa Aprili. Mwezi wa Mei mhandisi wa kampuni angekuja Nairobi awajaribu mafundi kwa macho yake mwenyewe.

"Wanataka cheti cha ufundi, gredi ya kwanza," Omolo akasema.

"Ninacho."

"Barua ya mwajiri, kwamba umeifanya hiyo kazi si chini ya miaka mitano."

"Mimi ninayo kumi na moja."

"Picha ya kifua, ile ya hospitali."

"Ya nini? Mimi nachomelea kwa mkono."

"Wanaogopa kifua kikuu, omera, ndugu yangu. Wanamtaka mtu wa kuwafanyia kazi, si mtu wa kumuuguza."

"Na kama wao ndio wataniambukiza?"

Omolo akaipitia kwa macho karatasi yote. "Hiyo haijaandikwa."

Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Umri usizidi miaka arobaini. Mkataba upigwe mhuri katika ofisi ya kazi kabla mtu hajapanda ndege. Pasipoti ikishafika huko itakaa kwa mwajiri mpaka mkataba uishe, na hapo Shivachi aliuliza mara tatu ni kwa nini, na Omolo mara tatu akasema hajui. Kisha fomu ikataka jina la mwombaji, la baba yake na la babu yake.

"Babu yangu wanamtafutia nini?"

"Kwao mtu hutajwa mpaka babu."

Hilo lilimfurahisha Shivachi. "Basi ni watu kama sisi," akasema. "Hata kwetu ukibisha hodi usiku, hawafungui mpaka umtaje babu."

Omolo akafika mstari wa mwisho. "Majina yaliyo katika pasipoti, katika cheti cha ufundi na katika barua ya mwajiri yawe mamoja. Yakitofautiana, maombi yatatupwa."

Kwa mara ya kwanza jioni hiyo Shivachi hakuwa na swali. Aliichukua karatasi, akaikunja tena mara nne, akashukuru, akaenda zake.

Sababu ni hii. Alipokuja Nairobi mwaka wa 1972 akiwa kijana wa miaka ishirini, alizunguka viwanda vya Industrial Area wiki tano nzima. Kila lango lilikuwa na swali moja: cheti cha darasa la saba kiko wapi? Hakuwa nacho. Binamu yake, Timona Shiundu, mtoto wa ndugu ya baba yake, alikuwa nacho, tena chenye alama nzuri, na Timona hakukihitaji kwa kuwa alikwisha kuanza kuuza makaa Kawangware. Akamwazima kama mtu anavyoazima koti la kwendea harusini. Shivachi akaingia kiwanda cha matangi ya chuma akiwa Timona Shiundu. Akafunzwa kuchomelea akiwa Timona Shiundu. Kiwanda kilimpeleka kwenye mtihani wa ufundi wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na vyeti vyote vitatu vikaandikwa Timona Shiundu. Walipoanza kuandikisha watu vitambulisho vipya, alikwenda kujiandikisha nyumbani kwao, na chifu aliyemjua tangu tumboni mwa mama yake akamwandika jina lake: Elam Shivachi. Tangu siku hiyo alikuwa watu wawili. Mmoja alikuwa na ufundi, mwingine alikuwa na uso.

Wala usidhani alikuwa peke yake. Kibera ile ilijaa wanaume walioitwa jina moja kiwandani na jingine nyumbani. Tulipopandisha bendera tuliambiana kwamba sasa kila mtu atahesabiwa kuwa mtu. Kisha tukaweka bawabu langoni amdai cheti cha darasa la saba kijana anayetaka kubeba chuma. Aliyebuni sharti hilo hakuwahi kubeba chuma hata siku moja, na kila aliyelitii alijifunza kudanganya kabla ya kujifunza kazi.

Jumamosi iliyofuata Shivachi alikwenda kwa miguu hadi Kawangware, kwenye stendi ya basi namba 46. Alimkuta Timona akipima makaa kwa debe, mweusi mpaka kope, akiimba besi ya kwaya ya kanisa lao. Walikuwa na pua moja, ile pua pana ya ukoo wao, na watu waliowaona kwa mbali waliwachanganya. Shivachi akamsimulia yote. Timona akakaa juu ya gunia, akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Yaani mimi hapa nilivyo ni fundi gredi ya kwanza?"

"Kwa karatasi, ndiyo."

"Sella!" Timona akamwita mkewe. "Njoo uone mumeo! Kumbe nimefaulu mitihani mitatu na hukunipikia hata kuku!"

"Kuku utampata ukileta gari," Sella akajibu kutoka ndani.

Kicheko kikaisha. Timona akajifuta mikono, akaangalia magunia yake, kisha akamwangalia Shivachi kwa namna mpya.

"Lakini Elam, ukiangalia vizuri, mimi sikosi kitu. Kitambulisho changu ni Timona. Cheti ni Timona. Barua ya kiwanda itasema Timona. Pasipoti watanipa. Wewe ndiye hutakiwi huko. Mimi natakiwa."

"Hujui kushika hata fimbo ya kuchomelea."

"Si utanifunza? Mhandisi anakuja Mei. Wewe ulijifunza kwa muda gani?"

"Miaka minne ndipo waliniachia bomba peke yangu."

"Ulikuwa mtoto. Mimi ni mtu mzima, nitashika haraka."

Mtu mwingine angekasirika. Shivachi alirudi Kibera akiligeuza jambo hilo kichwani kama fundi anavyogeuza kifaa asichokijua. Miaka kumi na moja alikula kwa jina la Timona. Je, Timona hakuwa na haki ya kula kwa mkono wake? Na chini ya wazo hilo kulikuwa na jingine lililomwasha zaidi, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa: je, ufundi unaweza kuhamishwa kutoka mtu hadi mtu kwa wiki chache, kama jina lilivyohamishwa kwa dakika moja?

Karibu na mtaa wa Olympic palikuwa na fundi wa madirisha aitwaye Nyamai, mwenye banda lenye umeme. Jumapili, baada ya kanisa, Nyamai akawaachia mashine.

"Shika hivi," Shivachi akasema. "Usiikabe. Ishike kama unavyoshika mkono wa mgeni. Sasa gusa chuma, uinue kidogo tu. Sikiliza."

"Nisikilize nini? Inapiga kelele."

"Kelele gani? Ya mafuta yanayokaanga samaki ni nzuri. Ikikohoa, umeiinua sana. Ikinyamaza, imenata."

Ikanata. Timona akavuta, fimbo ikang'ang'ania chuma, mashine ikaguna, Nyamai akapiga kelele kwamba wanamuulia mashine. Wakaanza upya. Hata jua likateremka Timona alikuwa bado anauliza kwa nini moto haumsikii. Mara kwa mara alikuwa akikishusha kioo cha kujikinga ili aone vizuri anachokifanya, na kila mara Shivachi alimkemea.

Kesho yake asubuhi Sella alimtuma mtu Kibera. Shivachi alipofika Kawangware alimkuta Timona amelala chali, vipande viwili vya viazi vibichi juu ya macho, machozi yakimtiririka masikioni.

"Kuna mchanga," Timona akalalama. "Nani amenimwagia mchanga ndani ya macho?"

"Ni ule mwanga. Utapona kesho kutwa. Nilikuambia usishushe kioo."

"Siku ya kwanza wewe hukukishusha?"

"Nilikishusha. Nililala hivyo hivyo, na Muigai nyapara akaja kunicheka."

Timona akapona, na kwa sifa yake, akarudi. Jumapili ya tatu aliunganisha vipande viwili vya bomba, akavipoza, akavisugua kwa brashi vikang'aa. Kwa macho mshono ule ulipendeza, na hata Nyamai alitikisa kichwa kwa kuridhika. Timona akaunyanyua juu.

"Sema sasa, mwalimu!"

Shivachi akalibana bomba katika jiliwa, akachukua nyundo, akapiga mara moja. Likakatika pale pale penye mshono. Ndani palikuwa na vitundu vingi, kama mandazi yaliyoumuka kupita kiasi. Akaibeba ile nusu moja, akaiweka mikononi mwa Timona.

"Hili ni bomba la mafuta," akasema taratibu. "Chini yake kuna watu wamekaa, wanakula chakula chao cha mchana. Wengine wametoka kwetu."

Timona aliyapapasa yale matundu kwa kidole. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuwa mtu mbaya. Alipozungumza hakuwa akicheka tena.

"Basi mimi siendi. Lakini mmoja wetu ataenda, haiwezekani bahati itupwe." Akatia mkono mfukoni, akatoa kitambulisho chake. "Chukua na hiki. Pua ni moja, watu hawatatazama zaidi. Omba pasipoti kwa jina langu. Ulinianza, nimalize. Kuwa mimi mpaka mwisho."

Shivachi alikipokea. Ukweli usemwe: alikipokea, akakitia ndani ya soksi, na njia yote kurudi Kibera alikuwa akijiuliza jangwa lina harufu gani. Zilibaki siku kumi na tatu tu za kupeleka maombi. Nyumbani alikiweka mezani mbele ya mkewe Nekoye, akamweleza kila kitu, jinsi atakavyokwenda, jinsi miaka miwili itakavyoisha upesi.

Nekoye alikuwa akichambua mboga za kunde. Hakuinua macho.

"Baba Nafuna, nikuulize kitu kimoja."

"Uliza."

"Ukifa huko?"

"Nife kwa nini?"

"Watu hufa. Ukifa huko, sanduku litaandikwa nani?"

Shivachi akakichukua kitambulisho, akalisoma jina.

"Litaandikwa Timona," Nekoye akaendelea, akitupa bua kando. "Litapelekwa kwa Timona. Timona mwenyewe atakwenda uwanja wa ndege kujipokea. Serikali itamwambia Sella wewe ni mjane, na mimi nitaambiwa mume wako yuko hai, angalia kitambulisho chake. Utazikwa boma gani? Nani atanyoa nywele za matanga? Nafuna atamlilia baba wa nani?"

"Hayo ni maneno ya kuogofya, mama."

"Si maneno. Nakuuliza. Si wewe ndiye mtu wa kuuliza?"

Kwa watu wao, mtu kuzikwa katika boma lisilo lake ni kupotea kabisa. Alikuwa ameyafikiria mabomba, ndege, joto, hata lugha ya Waarabu. Kaburi lake hakulifikiria. Asubuhi alipitia Kawangware kabla ya kwenda kazini, akamrudishia Timona kitambulisho, na pamoja nacho kile cheti cha darasa la saba kilichokwisha kuwa cha rangi ya chai.

"Nimekikalia sana," akasema.

"Na kazi yako?" Timona akauliza.

"Nakwenda kuisema."

"Watakufunga!"

"Pengine."

Muigai alikuwa nyapara wa kiwanda tangu Shivachi alipokuwa akifagia vyuma. Alikuwa mtu wa matusi mengi na chuki kidogo. Alisikiliza akiwa amesimama kati ya matangi, kofia mkononi, na habari ilipoisha akaivaa.

"Kwa hivyo miaka kumi na moja nimekutukana kwa jina lisilo lako."

"Ndiyo, bosi."

"Matusi yangu yote yalikuwa yakienda Kawangware kwa muuza makaa."

"Yalifika, bosi. Biashara yake haijawahi kuwa nzuri."

Muigai alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwamba amecheka. Alimwambia ukweli bila kuupaka sukari. Ofisi haiwezi kubadilisha jina katika vitabu, kwa sababu kufanya hivyo ni kukiri kwamba ilimwajiri mtu asiyekuwapo. Polisi wakisikia, ni kesi. Kitu pekee alichoweza kufanya ni kuchelewa kusikia. Timona Shiundu aandike barua ya kuacha kazi leo, aondoke na shukrani. Na kama kuna mtu aitwaye Elam Shivachi anayetafuta kazi, vibarua huchaguliwa langoni kila Jumatatu, na yeye Muigai hamjui mtu huyo.

"Miaka yangu, bosi?"

"Ni ya Timona. Mwulize yeye ataifanyia nini."

Omolo ndiye aliyeandika barua zote mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuacha kazi. Ya pili ilikwenda kwa ofisi ya mitihani ya ufundi, ikieleza kisa chote bila kuficha. Jibu lilikuja kabla Aprili haijaisha. Lilikuwa na mistari minne tu. Vyeti vitatu vimefutwa. Ofisi haitaendelea na jambo hili kwa kuwa mhusika amejisema mwenyewe. Elam Shivachi anaruhusiwa kufanya mtihani wa gredi ya tatu mwezi wa Juni. Gredi ya pili haitafanywa kabla ya mwaka kupita.

"Wamekurudisha darasa la kwanza, omera," Omolo akasema.

Shivachi alihesabu kwa vidole. Juni hii, ya tatu. Mwaka ujao, ya pili. Mwaka unaofuata, ya kwanza. Atakuwa na miaka thelathini na mitatu, na ile fomu ilisema mwisho arobaini. "Hata wakichelewesha mitambo yao," akasema, "mafuta si yatakuwapo?"

"Watu wanasema yatakwisha."

"Nani amepima?"

Wenzake wawili wa kiwandani walikwenda mjini kupeleka maombi yao kwa ajenti. Shivachi aliwasindikiza mpaka stendi ya basi na kuwapa orodha ya mambo ya kumwandikia wakichukuliwa: chuma chao ni cha unene gani, wanachomelea wamesimama au wamelala, pasipoti zao ziko kwa nani. Walimwona wa ajabu. Hakujali. Alitaka siku akienda aende akiwa anajua, na kama kuna sharti la kuchukua pasipoti ya mtu mzima na kuifungia kabatini, alitaka kulisikia kutoka kwa mtu aliyefungiwa.

Jumatatu ya kwanza ya Mei alisimama kwenye foleni langoni pa kiwanda alichokijua kila msumari wake. Mbele yake walikuwa vijana wapya kutoka mashambani, na nyuma yake pia. Muigai akatoka na kitabu, akapita mmoja mmoja. Akafika kwake. Uso wake haukuonyesha lolote.

"Jina?"

"Elam Shivachi."

"Kitambulisho."

Akatoa. Muigai akakitazama, akamtazama yeye, akakitazama tena, kama mtu anayelinganisha kwa mara ya kwanza, na pengine ndivyo ilivyokuwa.

"Unajua kazi gani?"

"Kuchomelea."

"Cheti?"

"Sina. Mtihani ni Juni."

"Hapa mtu asiye na cheti anaanza na ufagio."

Vijana wakacheka. Shivachi akasema ni sawa. Muigai akaandika, polepole, akibonyeza kalamu kwa nguvu mpaka jina likaonekana hata ukurasa wa pili, kisha akamwashiria apite.

Ndani, Okoth, aliyekuwa amesimama kando yake kwenye matangi kwa miaka sita na ambaye hakuna mtu aliyemweleza kitu, akaweka kioo chake chini na kupiga kelele kwa furaha.

"Timona! Umerudi?"

"Timona yuko Kawangware, anauza makaa," Shivachi akamjibu. "Mimi nimeandikwa leo. Nionyeshe ufagio uko wapi."